Joto, hewa na muda: Siri ya nyenzo nyembamba kuliko zote

MAVUNO ya mahindi yanapokamilika katika eneo la Kiminini, kaunti ya Trans Nzoia, mashine za kupukuchua huacha nyuma marundo ya magunzi. Mengine huingia jikoni kuwa kuni, mengine huachwa yaoze kandokando ya mashamba.

Gunzi likichomwa hadharani, hubaki jivu. Likifunikwa lisifikiwe na hewa kisha likapashwa moto, hubaki makaa. Na makaa yenyewe hayalingani: yaliyopikwa kwa nyuzi 350 katika kipimo cha Selsiasi yana tabia tofauti na yaliyopikwa kwa nyuzi 700, hata kama magunzi yametoka katika shamba moja na gunia moja.

Tofauti hiyo, ambayo jicho haliwezi kuiona, ni ya aina ile ile inayowashughulisha wanasayansi wanaotengeneza nyenzo za vipimo viwili, yaani vitu vyenye urefu na upana lakini ambavyo unene wake ni wa atomi moja au chache tu. Fundisho lao kuu ni hili: kujua kitu kimeundwa kwa atomi zipi hakutoshi, sharti pia ijulikane kiliundwa vipi.

Mpishi yeyote analielewa jambo hilo. Unga ule ule na maji yale yale huweza kuwa uji, ugali au madonge yasiyolika, kutegemea moto, wakati wa kutia unga na kazi ya mwiko.

NYENZO ZA VIPIMO VIWILI NI NINI?

Mfano ulio karibu zaidi umo katika mkoba wa kila mwanafunzi. Kalamu iitwayo ya risasi haina risasi hata chembe. Wino wake mkavu ni grafaiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi.

Grafaiti ni kaboni tupu iliyopangwa matabaka kwa matabaka. Katika kila tabaka, atomi zimeshikana kwa nguvu na kufanya vyumba vya pembe sita mfano wa sega la nyuki. Lakini tabaka na tabaka hushikana kwa ulegevu, ndiyo maana kalamu ikipita juu ya karatasi huacha alama. Grafaiti yenye unene wa milimita 1 ina matabaka yapatayo milioni 3.

Tabaka moja pekee la grafaiti huitwa grafini. Mwaka 2004, Andre Geim na Konstantin Novoselov wa Chuo Kikuu cha Manchester, Uingereza, walitangaza kwamba walikuwa wamelitenga tabaka hilo kwa kubandika na kubandua utepe wa gundi juu ya grafaiti. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2010.

Sifa za grafini zilizua msisimko mkubwa. Ukurasa wake wa mita moja ya mraba una uzani usiofika miligramu 1, hunyonya asilimia 2.3 tu ya mwanga unaoupiga, na hupitisha umeme na joto vizuri mno. Mwaka 2008, vipimo vilivyofanywa katika Chuo Kikuu cha Columbia, Marekani, vilionyesha kwamba uimara wake unashinda ule wa feleji zaidi ya mara 100.

Grafini si ya pekee katika ukoo huu. Ulanga, ule mwamba unaong'aa na kubanduka kama kurasa za kitabu, umejengwa kwa matabaka. Udongo wa mfinyanzi vilevile una vipande vidogo mno vya matabaka vinavyoteleza vikilowa, nao hugeuka kuwa kitu kingine kabisa ukichomwa kuwa tofali.

ARDHI NAYO NI TANURI

Kabla ya binadamu kujenga maabara, ardhi ilikuwa imekwisha kufanya kazi hiyo. Katika mkanda wa miamba ya kale unaoanzia Msumbiji na kupitia Tanzania hadi Kenya, mabaki ya viumbe yaliyofukiwa yalibanwa na kupashwa joto kwa mamilioni ya miaka hadi kaboni yake ikajipanga kuwa grafaiti.

Ndiyo asili ya grafaiti ya Mahenge, wilayani Ulanga katika mkoa wa Morogoro, na ile ya Taita-Taveta nchini Kenya. Ni katika miamba yenye grafaiti ndimo zinamopatikana pia tanzanaiti ya Merelani na tsavoraiti ya Taita-Taveta.

Pale joto na mgandamizo vilipokuwa vikubwa zaidi, kaboni ilijipanga vizuri zaidi na kufanya magamba makubwa. Pale vilipopungua, magamba yalibaki madogo au hayakujipanga. Mchimbaji anayepima ukubwa wa gamba kabla ya kutaja bei, kwa hakika anaipima historia ya tanuri la ardhi.

Kiwanda hakina mamilioni ya miaka ya kusubiri. Hulazimika kufidia muda kwa joto kali, kwa kemikali au kwa ujanja, na kila njia huacha alama yake katika kitu kinachopatikana.

NJIA TATU, GRAFINI TATU

Njia ya kwanza ni ile ya utepe wa gundi. Kwa kuwa huanza na grafaiti iliyokwisha kupangwa na ardhi, hutoa grafini safi sana yenye kasoro chache. Hata hivyo, vipande vyake ni vidogo mno, vingi vikiwa havifiki upana wa unywele. Hufaa kwa utafiti, si kwa biashara.

Njia ya pili ni kuiotesha grafini kutokana na gesi. Mwaka 2009, watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani, walipasha karatasi ya shaba hadi karibu nyuzi 1,000 na kupitisha juu yake gesi ya methani. Methani ilivunjika, kaboni ikatua juu ya shaba, na sehemu kubwa ya karatasi hiyo ikafunikwa na tabaka moja tu.

Uchaguzi wa shaba haukuwa wa kubahatisha. Shaba ikipata moto hainyonyi kaboni ila kwa kiasi kidogo sana, hivyo tabaka likishafunika uso wake, kazi husimama yenyewe. Nikeli, kinyume chake, huimeza kaboni kama sifongo na kuitema inapopoa. Kwa hiyo juu ya nikeli, kasi ya kupoza ndiyo inayoamua kama patatokea tabaka moja, matatu au kumi.

Fauka ya hayo, grafini haianzi mahali pamoja. Huchipuka katika vituo vingi kama mbegu zilizotawanywa, kila chipukizi likielekea upande wake. Machipukizi hayo yanapokutana hufanyika mshono, na mishono mingi hupunguza kasi ya umeme. Anayetaka grafini bora hujitahidi vituo viwe vichache ili kila kimoja kikue kuwa kipana.

Mwaka 2013, watafiti waligundua kwamba oksijeni kidogo juu ya uso wa shaba hupunguza vituo hivyo, na wakaotesha vipande vilivyofikia upana wa sentimita moja. Lakini mwaka 2024, watafiti wa Columbia na wa Chuo Kikuu cha Montréal, Kanada, walionyesha upande wa pili wa jambo hilo. Oksijeni kidogo mno inayopenya katika tanuri bila kukusudiwa ndiyo iliyokuwa sababu kubwa ya maabara kupata matokeo yasiyolingana, hata zilipofuata maelezo yale yale. Walipoiondoa, grafini ilitoka safi na ya kutegemewa kila mara.

Kazi haiishi hata tanuri linapozimwa. Shaba hunywea inapopoa, ilhali grafini hainywei kwa namna hiyo, hivyo mikunjo hujitokeza. Kisha shaba huyeyushwa kwa kemikali ili grafini ihamishiwe mahali pengine. Mwaka 2013, uchunguzi mwingine wa Columbia ulibaini kwamba udhaifu uliodhaniwa kuwa wa mishono ulitokana kwa kiasi kikubwa na kemikali na joto lililotumiwa wakati wa uhamisho. Zilipobadilishwa, uimara ulikaribia ule wa grafini isiyo na mshono.

Njia ya tatu ni ya kemikali. Mwaka 1859, Mwingereza Benjamin Brodie aliichovya grafaiti katika kemikali kali na kuibadili. Mwaka 1958, William Hummers na Richard Offeman wa Marekani walichapisha utaratibu wa haraka zaidi unaotumia asidi ya salfuriki na potasiamu pamanganeti. Mchanganyiko huo ni hatari na waweza kulipuka. Kamwe si kazi ya kujaribiwa nyumbani wala katika maabara isiyo na msimamizi.

Oksijeni hujipachika katika matabaka, yakaachana na kuelea majini. Kinachopatikana ni oksaidi ya grafini. Hutengenezwa kwa wingi na kwa gharama nafuu, lakini haipitishi umeme. Ikiondolewa oksijeni kwa joto au kwa kemikali, hurejesha sehemu ya uwezo huo, ingawa matundu yaliyotobolewa hubakia.

Hapa pia joto ndilo hakimu. Mwaka 2013, watafiti wa mjini Erlangen, Ujerumani, walionyesha kwamba kazi hiyo ikifanywa polepole chini ya nyuzi 10, muundo wa sega hubaki karibu mzima. Joto likipanda, kaboni yenyewe huliwa na kutoka ikiwa gesi.

SI KABONI PEKEE

Sheria hiyo inatawala pia nyenzo zisizokuwa na kaboni. Molibdenamu disalfaidi ni poda nyeusi inayojulikana na mafundi wa mitambo kwa kuwa hutiwa katika baadhi ya grisi. Ikiwa bonge, haitoi mwanga wa kutajika. Mwaka 2010 ilithibitishwa kwamba tabaka lake moja hutoa mwanga kwa nguvu zaidi, jambo linaloipa nafasi katika utengenezaji wa vifaa vya elektroniki.

Lakini ikitenganishwa kwa kutumia lithiamu, atomi zake hujipanga upya na nyenzo hiyo huanza kupitisha umeme kama metali. Ikipashwa joto hadi karibu nyuzi 300, hurejea katika hali yake ya awali. Na inapooteshwa kwa mvuke, salfa ikipungua huacha mapengo katika tabaka.

Kundi jingine, liitwalo maksini, lilitangazwa mwaka 2011 na watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani. Matabaka ya titani na kaboni hupatikana kwa kuiyeyusha alumini iliyo katikati yao. Mwanzoni ilitumiwa asidi ya haidrofloriki, ambayo ni sumu kali. Mwaka 2014, watafiti hao walitumia mchanganyiko wa chumvi ya lithiamu na asidi nyingine, wakapata kitu kinachofinyangika kama udongo wa mfinyanzi na kinachopitisha umeme. Chanzo kilikuwa kile kile. Njia ndiyo iliyobadilika.

MAKAA YA GUNZI YAMO WAPI KATIKA UKOO HUU?

Makaa ya gunzi si grafini. Hata hivyo, ndani yake mna vipande vidogo sana vya sega lile lile la kaboni, vilivyorundikana bila mpango. Kadiri joto linavyoongezeka ndivyo vipande hivyo vinavyopanuka na kukaribiana.

Makaa yaliyopikwa kati ya nyuzi 300 na 400 huwa mengi kwa uzani na hubaki na oksijeni na haidrojeni nyingi katika uso wake. Yanapofikia nyuzi 600 au 700, uzani hupungua, vinyweleo huongezeka, na makaa huwa na uwezo mkubwa zaidi wa kupunguza asidi ya udongo. Makaa ya joto la chini hayapitishi umeme kwa kiasi cha maana, ilhali yale yaliyopita nyuzi 700 huanza kuupitisha.

Jambo hili lina uzito kwa mkulima. Udongo wenye asidi ni tatizo linalojulikana katika mashamba mengi ya mahindi ya Trans Nzoia. Anayetaka makaa ya kuchanganya na udongo, anayetaka ya kuchuja maji na anayetaka ya kutengenezea betri wanahitaji vitu vitatu tofauti, japo vyote ni vyeusi na vyote vyaweza kuuzwa kwa jina moja.

Kwa kazi ya kuchuja, makaa huhitaji hatua ya pili, ambapo mvuke wa maji au kemikali kama potasiamu haidroksaidi huyatoboa yakiwa katika joto la nyuzi 700 hadi 900. Gramu moja ya makaa yaliyotobolewa hivyo yaweza kuwa na uso unaozidi mita 1,000 za mraba. Makaa ya kawaida ya jikoni hayana uwezo huo, na maji yaliyopitishwa humo yasihesabiwe kuwa salama.

Je, joto likiongezwa zaidi, gunzi litageuka grafaiti? Mwaka 1951, mwanasayansi Mwingereza Rosalind Franklin, ambaye baadaye alipata sifa kwa utafiti wa DNA, alionyesha kwamba kaboni zimegawanyika mara mbili. Zipo zinazojipanga kuwa grafaiti zikipashwa joto kali, kama zile zitokanazo na mabaki ya mafuta ya petroli. Na zipo zinazokataa hata kwa nyuzi 3,000, kwa kuwa vipande vyake vilifungamana ovyo tangu mwanzo. Makaa ya miti na mimea mingi yamo katika kundi hilo la pili.

Waswahili husema, udongo uwahi ungali maji. Mpangilio wa kaboni huamuliwa mapema, na ukishakauka hausahihishwi kwa urahisi.

Hata hivyo, mlango haukufungwa kabisa. Mwaka 2020, kundi la James Tour katika Chuo Kikuu cha Rice, Marekani, lilitangaza kwamba lilipitisha umeme mkali katika kaboni ya namna mbalimbali, makaa ya mimea yakiwemo. Joto lilipanda hadi zaidi ya nyuzi 2,700 kwa muda usiofika sekunde moja, na ikapatikana grafini ambayo matabaka yake yamepishana, hivyo ni rahisi kuachana. Joto lilipodumu kwa muda mrefu zaidi, matabaka yalianza kujipanga na kushikana kama grafaiti. Tofauti ya sehemu ndogo ya sekunde ilitosha kubadili matokeo.

MTEGO WA SOKONI

Kutojua historia ya nyenzo kuna gharama. Mwaka 2018, watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore walichapisha matokeo ya uchunguzi wa bidhaa za kampuni 60 zilizodai kuuza grafini. Nyingi zilikuwa na grafini isiyofika asilimia 10, na hakuna hata moja iliyozidi asilimia 50. Sehemu kubwa ilikuwa grafaiti iliyosagwa.

Mwaka mmoja awali, shirika la viwango la kimataifa, ISO, lilikuwa limetoa maelezo ya majina: tabaka moja ni grafini, mawili ni grafini pacha, na kutoka matatu hadi kumi ni grafini ya matabaka machache. Zaidi ya hapo, ni grafaiti tu.

Kwa mnunuzi wa Afrika Mashariki, awe mwenye kiwanda cha rangi au mwuzaji wa vichujio vya maji, neno grafini lililoandikwa juu ya mfuko si ushahidi. Ushahidi ni idadi ya matabaka, kiasi cha oksijeni na ukubwa wa vipande, na yote hayo hutokana na jinsi kitu kilivyotengenezwa.

ELIMU ILIYO KARIBU

Mitambo ya kuotesha nyenzo hizi ni ghali, lakini upande wa hesabu umekuwa ukifundishwa si mbali na Kiminini. Mwaka 2012, chuo cha Chepkoilel karibu na mji wa Eldoret, ambacho mwaka 2013 kilipata hadhi ya Chuo Kikuu cha Eldoret, kilikuwa mwenyeji wa ASESMA, shule ya Afrika inayofunza namna ya kukokotoa muundo na tabia za nyenzo kwa kompyuta.

Programu zinazotumiwa katika kazi hiyo, kama vile Quantum ESPRESSO, hutolewa bila malipo. Kwa njia hiyo, mwanafunzi wa Eldoret au wa Kibabii mjini Bungoma aweza kukadiria tabaka litafanya nini likikosa atomi moja ya salfa au likipachikwa oksijeni, kabla ya yeyote kuwasha tanuri. Hesabu haichukui nafasi ya jaribio, lakini huonyesha ni majaribio yapi yanayofaa kugharimiwa.

Kwa kundi la vijana wa Kiminini wanaofikiria kuyageuza magunzi kuwa biashara, hatua ya kwanza si mtambo wa mamilioni ya pesa. Ni kipimajoto cha tanuri, saa na daftari. Joto lilifika wapi, lilikaa kwa muda gani, na hewa kiasi gani iliingia? Makaa yenye majibu hayo yaweza kupelekwa maabara, yakalinganishwa na mengine na kuboreshwa msimu unaofuata. Yasiyo na majibu hayo hubaki kitu cheusi ndani ya gunia, na mnunuzi hana njia ya kujua anacholipia.